Jinsi ya Kuandika na Kutuma Pendekezo la Kikao kwenye Kongamano la Haki ya Kiuchumi: Mwongozo Kamili

Wito wa mapendekezo ukitoka, wengi hukimbilia fomu. Wanajaza jina la asasi, wanabandika aya mbili kutoka kwenye andiko la mradi wa mwaka jana, wanaongeza majina manne ya wazungumzaji ambao hawajaulizwa, wanatuma. Wiki kadhaa baadaye inakuja barua ya kuwashukuru kwa kushiriki. Mada ilikuwepo, maana mada za haki ya kiuchumi Dar es Salaam hazitafutwi: ushuru wa meza sokoni, mikataba ya bodaboda, kodi ya pango, madeni, kazi za malezi zisizolipwa. Kilichokosekana ni kikao chenyewe, yaani nani atakaa na nani, watafanya nini kwa dakika 90, na wataondoka na nini.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na dakika 90 na kuiacha fomu mwishoni. Mfano utakuwa mmoja toka mwanzo hadi mwisho: mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri na vikundi vya mama lishe. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kilichoongezwa mwaka 2018, kinazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 ili utaratibu upitiwe upya, ikarejea 2024. Mada ipo, sheria ipo, na wenye kuguswa wako umbali wa nauli ya daladala. Ni mfano mzuri wa kujifunzia.

Kuusoma wito

Chapisha wito au unakili kwenye daftari, kisha tafuta mambo haya: mada kuu na mada ndogo, aina za vikao vinavyopokelewa (jopo, warsha, mduara wa majadiliano, maonyesho), urefu wa kikao, lugha, ukomo wa maneno, nani anaruhusiwa kuomba, nani analipa nauli, na siku ya mwisho. Fungua fomu siku hiyohiyo bila kujaza kitu, nakili kila swali uliweke kwenye faili lako. Fomu nyingine haikuonyeshi ukurasa wa pili mpaka ujaze wa kwanza; hapo jaza herufi yoyote usonge mbele, ilimradi usibonyeze kitufe cha kutuma. Watu wengi hugundua usiku wa mwisho kwamba ukurasa wa tatu unadai barua ya asasi mwenza yenye saini na muhuri.

Angalia kama ukomo ni wa maneno au wa herufi. Kiswahili kinabeba mengi ndani ya neno moja: "watakaotuwakilisha" ni neno moja lenye herufi 18. Ukomo wa maneno unakupendelea, ukomo wa herufi unakubana. Na kama fomu ni ya Kiingereza nawe unafikiri kwa Kiswahili, ikisiri (muhtasari wa kikao) ya maneno 150 ya Kiingereza iandike kwanza kwa Kiswahili kwa maneno yasiyozidi 110, la sivyo tafsiri itafurika na utaanza kukata viungo badala ya mafuta.

Halafu kuna saa. Wito ukisema mwisho ni 23:59 GMT, kwa saa zetu ni saa 8 na dakika 59 usiku, siku inayofuata. Ukisema 23:59 AoE ("Anywhere on Earth", popote duniani), maana yake siku haijaisha mpaka iishe mahali pa mwisho kabisa duniani, saa 12 nyuma ya GMT. Kwa Dar hiyo ni saa 8 na dakika 59 mchana wa siku inayofuata. Zote mbili zinaangukia 8:59, moja usiku na nyingine mchana, na tofauti yake ni nusu siku nzima. Ukisema 23:59 saa za Afrika Mashariki, ni saa 5 na dakika 59 usiku, tarehe ileile iliyoandikwa. Ukiwaandikia wenzako kwenye kundi la WhatsApp, taja saa ya Kiswahili pamoja na neno usiku, asubuhi au mchana. Namba tupu huleta balaa.

Swali moja

Kikao kizuri kina swali moja ambalo watu wenye akili timamu wanaweza kulijibu kwa namna tofauti. "Uwezeshaji wa wanawake kiuchumi" halina upande wa kubishaniwa, nani atasimama kuupinga? "Kwa nini wanawake ni maskini?" litamaliza mwaka. Kwa mfano wetu, swali linaweza kuwa hili: ratiba ya marejesho ya mkopo wa halmashauri ipangweje iendane na fedha ya mama lishe, anayenunua alfajiri na kuuza mchana?

Lipime kwa maswali mawili. Je, kuna mtu atakayekuwa ukumbini mwenye mamlaka au ujuzi wa kubadilisha kitu? Hapa yupo, afisa maendeleo ya jamii, kwa kuwa mikopo hii hupitia kwake. Je, jibu linaweza kuandikwa kwenye karatasi moja kikao kinapoisha? Hapa linaweza: ratiba yenye tarehe na viwango. Swali lako likishindwa yote mawili, bado una mada tu, endelea kulinoa.

Kosa linalopendwa hapa kwetu ni kuanza na historia. Kila msomaji wa mapendekezo ya haki ya kiuchumi nchini analijua Azimio la Arusha la 1967, na aya nzima ya kulieleza inakula theluthi ya nafasi yako. Kosa ndugu yake ni takwimu kubwa ya bara zima. Jopo lililoongozwa na Thabo Mbeki, rais wa zamani wa Afrika Kusini, lilikadiria mwaka 2015 kwamba Afrika inapoteza zaidi ya dola bilioni 50 kwa mwaka kupitia utoroshaji wa fedha. Makadirio hayo ni ya heshima, lakini yameshaandikwa na watu wengi mno na hayakipi kikao cha mama lishe chochote. Takwimu moja ya karibu inatosha. Chanzo cha kuanzia ni ripoti za mwaka za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuhusu serikali za mitaa, ambazo hugusia mikopo hii na marejesho yake, au Sensa ya 2022 ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, iliyohesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Andika mwaka wa takwimu kila mara.

Kugawa dakika 90

Hii ndiyo sehemu ambayo wengi wanairuka, na ndiyo inayolitofautisha pendekezo linalopita. Chora jedwali kabla ya kuandika sentensi hata moja ya ikisiri:

- Watu kuingia na kukaa: 5
- Mwendesha mjadala kufungua na kulisoma swali: 4
- Wachokoza mada (wazungumzaji wa kuanzisha mjadala) watatu, dakika 7 kila mmoja: 21
- Kazi za makundi: 30
- Mrejesho wa makundi: 20
- Kukubaliana nini kinapelekwa wapi na nani: 7
- Kupisha kikao kinachofuata: 3

Jumla 90. Ukiongeza mchokoza mada wa nne, dakika zake 7 zitatoka kwenye makundi, maana hakuna kwingine pa kuzitoa. Ukiongeza mgeni rasmi wa kufungua, umepoteza dakika 15, hata kama ameahidi kusema machache. Makundi matano yakipewa dakika 4 kila moja kwa mrejesho, zile 20 zimekwisha. Makundi manane hayatoshi, kwa hiyo andika matano kwenye fomu, na ukumbi ukijaa ongeza watu ndani ya kundi.

Lugha hubadilisha hesabu yote. Kama kongamano lina wageni na hakuna vyumba vya wakalimani na vifaa vya masikioni, utatumia ukalimani wa kupokezana: mzungumzaji anasema, anasubiri, mkalimani anasema. Dakika 7 zinakuwa 14, na wachokoza mada watatu wanakula 42. Hapo punguza wawe wawili, wape dakika 5 kila mmoja, ambazo kwa tafsiri ni 20 jumla. Ukalimani wa papo kwa papo hauongezi muda, lakini unahitaji wakalimani wawili kwa kila jozi ya lugha, wanaopokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30, kwa kuwa mmoja peke yake huchoka na kuanza kuruka sentensi. Uliza kwenye barua pepe ya waandaaji wanatoa upi, kisha andika jibu lao kwenye pendekezo. Msomaji akiona umelifikiria hilo, anajua hujabahatisha.

Watu

Wachokoza mada watatu na mwendesha mjadala mmoja wanatosha. Angalau wawili wawe wale wanaoguswa na jambo lenyewe. Jopo la maofisa wanne wa miradi wakiwazungumzia mama lishe, huku hakuna mama lishe, huanguka kwenye kigezo cha ushiriki, na linastahili kuanguka. Jopo la wanaume watupu nalo halifiki mbali.

Usiandike jina la mtu kabla hajakubali kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp unatosha, mradi una mambo manne: jina la kongamano, tarehe na mji, atakachosema kwa dakika 7, na nani analipa nini. Kwa mama lishe mwenye kikundi chake Tandika ujumbe wenyewe unaweza kuwa: "Shikamoo mama. Tunaomba uje kueleza jinsi kikundi chenu kilivyopanga marejesho ya mkopo, dakika saba, kwa Kiswahili. Nauli ya kwenda na kurudi tunalipa sisi, na siku ya biashara utakayoikosa tutaifidia. Je, upo tayari jina lako liandikwe kwenye fomu?" Kwa afisa wa halmashauri, ujumbe wa simu hautoshi. Andika barua kwa Mkurugenzi wa halmashauri, kwa sababu afisa hapandi jukwaani bila ruhusa ya mwajiri wake, na barua ofisini huchukua wiki, si siku. Ukisubiri pendekezo likubaliwe ndipo uandike, utabaki na kiti kitupu mezani.

Wasifu wa kila mmoja uwe maneno 40 hadi 50. Wa mama lishe usiandikwe kwa unyenyekevu wa "mwanamke wa kawaida anayejitafutia". Andika anachokijua: mhasibu wa kikundi cha wanawake 10, anayetunza daftari la mauzo na marejesho kwa miaka mitatu. Huo ni utaalamu.

Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi. Namba za simu, nakala za pasipoti na picha za wazungumzaji zisipelekwe kwa mtu wa tatu bila ridhaa yao, na fomu ya kongamano la nje ni mtu wa tatu.

Kongamano likiwa nje ya nchi, uliza habari ya pasipoti sasa hivi. Anayeanza leo anahitaji namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na cheti cha kuzaliwa, na kama jina kwenye vyeti hivyo viwili linatofautiana herufi moja, kuna safari za kurekebisha kabla hajafika Uhamiaji. Viza ya Schengen hupokelewa mapema kabisa miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Uamuzi huchukua siku 15 na unaweza kufika 45. Ratiba ya majibu ya kongamano ikikuachia wiki tatu tu, andika mapema kwenye pendekezo kwamba mzungumzaji mmoja atashiriki kwa video.

Ikisiri na kichwa

Sasa ndipo uandike. Ikisiri ina kazi nne: tatizo, swali, kitakachofanyika ukumbini, matokeo. Hii hapa, maneno 105:

"Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kati ya hizo 10 zikiwa za wanawake. Mama lishe hununua mchele, mkaa na maharage alfajiri, huuza mchana, na jioni huwa ameshajua kama siku imemlipa. Marejesho ya mkopo hupangwa kwa mwezi. Kikao hiki kinauliza: ratiba ya marejesho ibadilishwe vipi iendane na fedha inayozunguka kwa siku? Wanavikundi wawili kutoka Ilala na Temeke watafungua daftari zao za mauzo, afisa maendeleo ya jamii ataeleza mipaka ya kanuni, kisha washiriki watagawanyika makundi matano kupanga upya ratiba ya mkopo mmoja wa mfano. Tutatoka na ratiba tatu zilizokubaliwa, zitakazopelekwa kwa halmashauri husika ndani ya siku 30."

Hakuna "kuongeza uelewa" humo. Maneno hayo mawili yanamwambia msomaji kwamba hujui kitakachotokea. Pia hakuna ahadi ya kubadilisha sera ya taifa kwa dakika 90. Matokeo yaliyoahidiwa yanabebeka na watu wanne.

Kichwa kije mwisho, maneno yasiyozidi 12. "Mkopo wa Mwezi, Biashara ya Siku: Kupanga Upya Marejesho ya Mama Lishe" kinamvuta mtu anayepitia ratiba ya vikao sambamba kumi akiwa na kikombe cha chai mkononi. Kichwa kinachoishia na "Changamoto na Fursa" hakimvuti mtu, na kwenye rundo la mapendekezo hakikosi ndugu zake.

Kama wito unasema wapimaji hawataoneshwa majina, ondoa jina la asasi kwenye ikisiri na kwenye sifa za faili (properties) pia. Wengi hufuta la kwanza wakasahau la pili.

Ukumbi, saa na bajeti

Fomu ikiuliza mahitaji, usiandike "projekta na vipaza sauti" kwa mazoea. Kikao cha makundi kinataka viti visivyofungwa sakafuni na ukuta wa kubandika karatasi. Kikao kikifanyika hemani mchana, projekta haionyeshi kitu. Omba stendi ya bango kitita (karatasi kubwa za kuandikia mbele ya watu). Kwa makundi matano: karatasi kumi za bango kitita, maka peni kumi za rangi mbili, selotepu mbili, na nakala 40 za ukurasa wenye mkopo wa mfano. Mshiriki asiyeona au anayetumia lugha ya alama atajwe hapa, maana mkalimani wa lugha ya alama hapatikani kwa kupigiwa simu asubuhi ya kikao.

Saa ya kikao ni jambo la haki vilevile. Mama lishe hatoki kazini saa 6 mchana, ndiyo saa yake ya kuuza. Omba kuanzia saa 9 alasiri. Wachuuzi wa samaki wa Feri wana asubuhi yao. Mchana wa Ijumaa una swala. Na kikao cha saa 2 asubuhi Mlimani au katikati ya mji kitaanza na viti vitupu kwa sababu ya foleni. Fomu ikikosa sehemu ya saa unayoipendelea, iandike kwenye "maelezo mengine".

Bajeti, hata isipodaiwa, iwe nayo. Mistari ya msingi ni nauli ya kila mzungumzaji kwenda na kurudi, fidia ya siku ya biashara, gharama ya mlezi kwa mwenye mtoto mchanga, mkalimani, chapa na karatasi, bando la kurusha kikao ikiwa kuna washiriki wa mtandaoni. Suala la posho liseme wazi mapema, kwa kiasi na kwa nani, kwa sababu litaulizwa na ukimya wako utatafsiriwa kuwa ahadi. Kama kikundi chenu hakijasajiliwa kama asasi na wito unadai usajili, tafuta asasi iliyosajiliwa iwe mwombaji na nyinyi muwe waandaaji wenza, kisha mwandikiane ukurasa mmoja wa nani anapokea fedha na kwa siku ngapi atazitoa.

Kutuma

Tuma siku mbili kabla. Umeme ukikatika au bando likiisha dakika 20 kabla ya mwisho, hakuna kamati itakayokuhurumia. Andika kila jibu kwenye faili lako, kisha nakili kwenye fomu. Fomu nyingine hufunga zenyewe ukikaa kimya muda mrefu na kazi yote ikapotea. Ukishabandika, isome tena ndani ya fomu: alama za nukta za orodha hugeuka viboksi, na sentensi ya mwisho hukatwa kimyakimya ukomo wa herufi ukizidi. Faili la kuambatisha liwe PDF lenye jina linaloeleweka, mfano MamaLishe_Ratiba.pdf, si "final mpya 3".

Mtu ambaye hakuandika pendekezo alisome mara moja kabla hujatuma. Mwombe akuambie kwa sentensi moja watu watafanya nini ukumbini. Akikujibu kwa mada badala ya tendo, rudi kwenye jedwali la dakika.

Ukishatuma, piga picha ya skrini yenye namba ya pokezi. Barua pepe ya uthibitisho isipofika ndani ya saa 24, angalia folda ya taka, kisha waandikie ukiambatisha picha hiyo. Tumia barua pepe inayosomwa na watu wawili. Majibu ya makongamano mara nyingi hutaka uthibitishe ndani ya siku chache, na mwenye nenosiri akiwa safarini nafasi inakwenda kwa aliye kwenye orodha ya akiba.

Majibu yanapokuja

Jibu linaweza kuwa ndiyo, hapana, au "tunaomba mwungane na kikao kingine". La tatu ndilo linalovuruga watu. Kabla ya kukubali uliza mambo matatu kwa maandishi: swali la nani linabaki, nani anaendesha mjadala, na kila upande una wachokoza mada wangapi. Kuunganisha vikao viwili vyenye wazungumzaji watatu kila kimoja bila kupunguza kunazalisha dakika 42 za hotuba, na kazi za makundi hufa hapo. Toa mmoja wako, nao watoe mmoja, ila mama lishe asiwe wa kutolewa. Kama hawakubali, ni afadhali mkatae kwa adabu.

Ikiwa ni ndiyo, siku hiyohiyo omba barua ya mwaliko yenye jina la kila mzungumzaji kama lilivyo kwenye pasipoti, uliza msamaha wa ada ya kujiandikisha kwa wasio na mwajiri, na uwatumie wazungumzaji jedwali la dakika. Ikiwa ni hapana, andika mistari miwili kuomba maoni ya wapimaji. Wengine hawajibu, lakini wanaojibu hukuonyesha alama ziliangukia kigezo kipi. Afisa mliyemwandikia barua aarifiwe pia kwamba safari haipo, ili mwakani mlango wake usiwe mgumu.